Utani Mbele ya Kinusi

Kosa lenyewe lilianza na jina. Laiti kibao cha mezani kingeandikwa "Mpimaji" tu kikaishia hapo, mzee angeketi, angenusa, angejibu, angekwenda zake. Lakini wakubwa wa Idara ya Pua walikuwa wameamua kwamba mwananchi anayepimwa lazima ajue ni binadamu gani anampima, asije akadhani ameachiwa mashine peke yake. Kwa hiyo kibao kilisomeka kwa herufi kubwa: TUNU SEMBOJA.

Mzee Malunde Katabi alisimama mlangoni, kofia yake ya pama mkononi, akakikodolea macho.

"Semboja," akasema. "Semboja wa wapi?"

"Wa Handeni, mzee. Karibu uketi."

"Handeni! Mzigua!"

"Mzigua, ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba, mtumwa wangu!" Uso wa mzee ulifunguka kama dirisha la duka. "Kumbe mali yangu iko hapahapa Tabora, imekalia kiti cha kuzunguka, na mimi nahangaika kutafuta mtu wa kunipalilia tumbaku!"

Tunu alijua mara moja kuwa mambo yameharibika. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikurushia neno huwezi kulikwepa kama jiwe. Inabidi ulidake na kulirudisha. Lakini chuoni walimfundisha kinyume. Mpimaji ana sentensi moja tu, "Hii ni nini?", na huisema kwa sauti ileile kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hasemi vizuri, hasemi pole, hatabasamu. Tabasamu la mpimaji, waliambiwa, ni jibu lililovuja.

Akameza alichotaka kusema, akamvisha mzee mrija wa Kinusi.

Kinusi kilikuwa na umbo la birika na tabia za karani. Tumboni mwake zilikaa harufu, kila moja kwenye chumba chake. Kila raia anayetimiza miaka sitini hukaa mbele yake, kwa sababu ambayo hata watoto wa shule siku hizi huiimba: ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, madirisha yote yamezibwa, isipokuwa lile la pua. Magonjwa yale mabaya, lile linaloiba majina ya watu na lile linalotetemesha mikono, hupenda kuingilia hapo. Huizima pua miaka mingi kabla mwenye pua hajasahau jina la mkewe. Na kibaya zaidi, mwenyewe hajui. Kumbukumbu huingia jikoni na kupika badala ya pua: mtu anaona kikombe cha chai, na tayari ameisikia harufu yake, ingawa haikumfikia.

Zamani kulikuwa na mitambo ya kuchungulia ubongo moja kwa moja. Watu wakakataa kuchunguliwa, wakaandamana, sheria ikapita kwamba kichwa ni cha mwenyewe. Basi ikabaki njia moja, mtu anuse na ataje kwa mdomo wake.

Kwa mdomo wake. Hapo ndipo wataalamu walipoacha mlango wazi, nao hawajui.

Kinusi kikapuliza kahawa.

"Hii ni nini?" Tunu akauliza.

Mzee Malunde akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayeonja mbege. "Hawa ni watu wa Bukoba. Wamekuja kuposa. Waambie binti nimeshampa mwingine."

Tunu akauma mdomo. Kinusi kikapuliza sabuni.

"Hii ni nini?"

"Hii hata nikikutajia hutaijua. Kwenu bado haijafika."

Hapo chuo kikamshinda. "Haijafika?" akafoka, huku kicheko kikimtoka puani. "Babu yako alipita kwetu na pembe ya ndovu kichwani mpaka shingo ikazama tumboni, akaomba maji ya kunawa. Tukampa. Akayanywa!"

"Eeh! Na babu yako tulimchukua awe mpagazi, tukamrudisha njiani. Chakula alichokula kilizidi mzigo aliobeba!"

Kuanzia hapo haikuwa tena kupima. Kinusi, kilichoundwa na watu wasio na watani, kilisubiri kwa adabu kila mara mpaka wamalize kucheka, kisha kikapuliza nyingine. Kilipotoa ndizi mbivu, mzee alijifanya kuinuka kitini: "Kimbia, mwanangu, nyuki wamekasirika!" Kilipotoa karafuu: "Hili ni jino la shangazi yako, lile la nyuma." Dagaa wakawa mguu wa babu yake Tunu, na si mguu wowote, wa kushoto. Moshi wa kuni ukawa "mama yako anapika, na ameshaunguza." Mwisho kabisa Kinusi kikapuliza mtego wake, hewa tupu isiyo na kitu, ambayo huwekwa ili kuwanasa wanaobahatisha.

"Hii ni nini?" Tunu akauliza, akijifuta machozi.

"Hii ndiyo akili ya Mzigua."

Tunu alicheka mpaka akashika meza. Bado alikuwa ameishika meza pale Kinusi kilipolia mlio mdogo mtamu, kikasema kwa sauti ya bibi harusi: "Majibu sahihi: hakuna. Dalili ya nyongeza: mizaha isiyo na sababu. Mpimaji athibitishe au abatilishe kabla ya adhuhuri ya Ijumaa."

Pete nyekundu ikawaka kwenye kioo, kuzunguka jina la Malunde Katabi.

"Hicho kibuyu kinasemaje?" mzee akauliza, bado anatabasamu.

"Kinasema umeshindwa, mzee."

"Nimeshindwa nini?"

"Kunusa."

"Kiambie tulikuwa tunataniana."

"Hakijui utani."

"Basi kifundishe. Si ndiyo kazi ya mwenye kiti cha kuzunguka?" Akavaa kofia yake, akatazama huku na huku, akauona mwavuli wa Tunu nyuma ya mlango, akauchukua mchana kweupe. "Mtumwa hana mali," akasema, akatoka nao.

Tunu hakumzuia. Mtani akikubebea kitu hununi; unangoja siku yako na wewe umbebee chake. Alibaki anaitazama pete nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakujua alichokuwa amekipima.

*

Sheria ilikuwa na milango miwili tu, na yote ilifungwa na ufunguo wa mpimaji.

Akithibitisha, mzee angepewa matone ya puani siku hiyohiyo. Matone hayaponyi, huukalisha ugonjwa pale mlangoni ulipo, usiingie ndani, lakini huukuta tu ukiwa bado mlangoni. Na pamoja na matone, katika furushi lilelile, angefungwa Mlezi. Mlezi ni ukanda mwembamba wa shingoni, mwepesi kuliko kamba ya hirizi. Huidaka sentensi kooni kabla haijatoka, huikagua, kisha huitoa ikiwa imechanwa nywele, kwa sauti ya mwenyewe. Ukitaka kusema "chukua shamba langu", Mlezi hutoa "nitalifikiria". Waliotunga sheria walisema inawakinga wagonjwa na matapeli, na kweli inawakinga. Lakini yapo magonjwa ya ubongo yanayoanza kwa mtu kufanya mizaha ovyo, msibani, kanisani, popote. Kwa hiyo Mlezi hufagia na mizaha.

Akibatilisha, mzee angebaki na mdomo wake. Kisha angengoja mwaka, kwa kuwa pua ikishapimwa hukariri, na kipimo cha marudio hakikubaliki kabla ya hapo. Mwaka mzima bila matone. Kama ugonjwa upo, mwaka ungetosha kuutoa mlangoni, ukaingia, ukakaa kwenye kochi.

Je, upo? Mzee alikuwa akitania kwa sababu amekutana na mtani? Au alikuwa akitania kwa sababu hasikii harufu yoyote, na utani ni blanketi zuri la kufunikia aibu? Au utani wenyewe ndio ugonjwa?

Tunu alikigeuza kitu hicho kichwani mpaka kikaanza kumgeuza yeye. Siku ya pili akafunga ofisi, akapanda kiberenge cha jua, akaenda msituni upande wa Sikonge, kwa mzee mwenyewe. Alijidanganya kuwa anafuata mwavuli.

Alimkuta binti yake, Kalunde, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi, anasafisha mizinga ya nyuki ya kisasa, ile inayojipima uzito na kujitangaza yenyewe kwenye simu. Baba yake bado alining'iniza ya magome ya miti, akidai nyuki wa mizinga ile mingine wanafanya kazi kama wameajiriwa.

Kalunde alishaisikia habari ya pete nyekundu. Akamketisha Tunu kwenye kigoda.

"Dada, mimi usiniulize," akasema. "Nikikwambia ni mzima nitakuwa nakuficha. Nikikwambia ni mgonjwa nitakuwa namsingizia."

"Niambie tu unachokiona."

"Ninachokiona? Juzi niliunguza wali. Umeungua ule wa kuungua, mpaka mbuzi alikohoa. Baba akala, akalamba vidole, akasema, 'Kalunde, leo umepika.'"

"Kwa hiyo hakuisikia harufu."

"Ndivyo nilivyosema. Halafu nikakumbuka kwamba siku niliyounguza nikiwa na miaka kumi alisema maneno hayohayo." Kalunde akafuta mikono kwenye kanga. "Hajawahi kukitukana chakula changu tangu mama afariki. Sasa hapo mimi nishike lipi?"



Mzee akatokea kichakani na mwavuli ameufungua, jua lenyewe halijapanda. "Mwangaluka!" akamsalimu kwa Kinyamwezi. "Mtumwa amemfuata bwana wake!" Akamkataza kukaa. Mgeni wa Kizigua haketi, akasema, mgeni wa Kizigua anaonyeshwa kazi ili ajue duniani kuna kazi. Akamwongoza mpaka chini ya mti wenye mizinga ya magome, akaanza kumweleza habari za malkia na madume, na namna madume ya nyuki yanavyofanana na wanaume wa Handeni: yanakula, yanalala, yakifukuzwa yanashangaa.

Katikati ya maneno hayo Tunu akasikia harufu tamu, nzito, ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Nani anakula ndizi?" akauliza.

"Ndizi?" Mzee akamtazama kwa uso mweupe usio na hila. "Huku hakuna ndizi. Hiyo ni njaa yako."

Harufu ikazidi. Tunu alifungua kinywa kusema kwamba njaa hainuki hivyo, na kitu kikamchoma mdomo wa juu. Kingine kifundo cha mguu. Kisha nyuki wa mzinga mzima wakajaa angani.

Alikimbia. Alikimbia akiwa ameshika kanga kwa mkono mmoja na heshima ya Idara kwa mkono mwingine, na vyote viwili vikamponyoka. Nyuma yake, katikati ya wingu la nyuki, Mzee Malunde alikuwa amesimama palepale, anacheka mpaka amejikunja.

Kalunde aliwafikia na moshi, akawafukuza nyuki, akamburuta baba yake. Jicho la mzee lilikuwa linavimba.

"Baba, si walikuwa wameshatoa harufu! Mimi niliisikia nikiwa kule bandani!"

"Harufu gani?" Tunu akauliza, mdomo umeshakuwa mzito.

"Ya ndizi mbivu," Kalunde akasema. "Nyuki akikasirika anatoa harufu kama ya ndizi mbivu, kuwaita wenzake. Ukiisikia unarudi nyuma polepole. Huku tunafundishwa hata kabla ya kutembea."

Tunu akakumbuka. Kimbia, mwanangu, nyuki wamekasirika. Mzee alikuwa amesema hivyo mbele ya Kinusi, kwenye ndizi. Alikuwa amejibu. Na Kinusi kikamhesabia kosa.

"Mzee," akasema, "uliisikia ile harufu sasa hivi?"

"Niliisikia vizuri sana."

"Mbona hukuondoka?"

"Nikose kumwona Mzigua anavyokimbia?" Mzee akacheka tena, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa jicho lililovimba kama mkono wa mtu anayepapasa ukuta gizani. Kalunde aligeuka upande, akanong'ona kwa Tunu bila kutikisa midomo:

"Zamani alikuwa anaisikia kabla yetu sote." Akafikiri. "Lakini hata zamani, kwa kuwa wewe ni Mzigua, angekuacha uchomwe."

*

Tunu alirudi ofisini miguu imevimba, akavua kandambili zake chini ya meza, akafungua sauti za kipimo. Akazisikiliza upya, safari hii kama mtani, na si kama mtumishi wa Idara.

Kahawa: watu wa Bukoba. Nani asiyejua kahawa inatoka wapi? Sahihi. Ndizi: nyuki waliokasirika. Sahihi, tena sahihi ya mtaalamu. Karafuu: jino la shangazi, lile la nyuma. Wazee huweka mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma. Sahihi! Tunu akainuka kitini, maumivu yakamkalisha. Sabuni: kitu ambacho Wazigua hawakijui. Utani wa watu wote duniani ni kumwambia mwenzako hajui kuoga. Sahihi.

Kwa dakika nzima alikuwa mwanamke mwenye furaha.

Kisha akaja mguu wa babu. Dagaa wananuka kama mguu? Labda. Lakini mguu wa babu ungeweza kutajwa kwenye harufu yoyote, hata ya waridi. Ndiyo kazi ya babu katika utani. Na mama anayeunguza? Moshi, ndiyo. Au ni tusi lililokuwa zamu yake tu. Akairudia sabuni: "Hutaijua, kwenu haijafika." Maneno hayo yanafaa sabuni, yanafaa taa ya umeme, yanafaa kila kitu. Akairudia karafuu. Jino la shangazi, au kinywa cha shangazi tu, kwa kuwa shangazi hakosekani?

Ikabaki hewa tupu. "Hii ndiyo akili ya Mzigua." Hakuna kitu, mzee amenusa akakuta hakuna kitu, na akalipata neno linalotoshea pale kama kifuniko na chungu chake. Jibu safi kuliko yote.

Isipokuwa kama zote zilikuwa tupu. Kama kahawa ilikuwa tupu, na sabuni tupu, na ndizi tupu, basi mzee alikuwa amekaa mbele ya mrija usiotoa kitu tangu mwanzo, anaujaza kwa maneno, na mara moja tu, kwa bahati, neno likaangukia mahali pake.

Lakini nyuki je? Nyuki wangetoka wapi kama si kwenye ndizi? Kutoka kwenye kichwa cha mfuga nyuki, akajijibu. Huko wanatoka kila siku.

Akayapanga majibu upya, akapata mtu mzima wa afya. Akayapanga tena, akapata mgonjwa. Mtu ni yuleyule, sauti ni ileile. Akakitazama Kinusi kwa wivu. Chenyewe kililala usingizi.

Baba yake Tunu hakuwahi kupimwa. Ilikuwa kabla ya Kinusi. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akimwita binti yake kwa jina la mbuzi wao. Mwanzoni Tunu alicheka, maana alidhani baba anatania.

*

Ijumaa asubuhi Mzee Malunde alikuja peke yake, jicho moja limefumba, chupa ya asali kwapani. Akaiweka mezani, kofia akaiweka kwenye kiti cha pembeni.

"Ya kupaka huo mdomo," akasema. "Sasa unafanana kidogo na watu."

Tunu alifunga mlango. "Mzee, leo tuuweke utani chini."

"Tukiuweka chini nani atauokota?"

"Tafadhali, baba."

Neno hilo, baba, lilimfikia. Mzee akakaa. Mikunjo ya kicheko usoni mwake ilibaki, lakini kicheko kilitoka, na uso ukawa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na kuacha mapazia.

"Ukinivua utani," akasema polepole, "sina pa kujificha."

Tunu akavuta kiti chake karibu.

"Asubuhi nasikia harufu ya kahawa. Nzuri, kali. Naamka, naenda jikoni, namkuta Kalunde amelala, jiko baridi, hata maji hayajatekwa. Basi najiuliza: ile kahawa niliyoisikia jana, nikainywa, ilikuwa kahawa kweli, au nayo niliikumbuka tu?"

"Na siku ile hapa?"

"Siku ile niliona jina lako nikafurahi. Mengine sijui. Mdomo wangu huwa unatangulia, mwanangu. Pua ilifuata, haikufuata, sikugeuka nyuma kuangalia."

"Na nyuki?"

Mzee akagusa jicho lake. "Nilikwambia niliisikia ile harufu."

"Uliisikia?"

"Nilikwambia hivyo," akarudia.

Saa ya ukutani ilikuwa inasogea kuelekea adhuhuri. Tunu akamweleza milango yote miwili, bila kupamba. Mzee alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asioujua.

"Na kama ni mzima, nawe umenifunga?"

"Utakuwa mtu mzima aliyefungwa mdomo bure."

"Na kama ni mgonjwa, nawe umeniachia?"

"Utacheka mwaka mmoja. Halafu hutakumbuka ulikuwa unacheka nini."

"Wewe unaonaje?"

"Sijui, mtani. Nimesikiliza mpaka masikio yameota sugu. Sijui."

"Basi tuko wawili." Mzee akapangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Sheria inasema uniulize mimi?"

"Haisemi."

"Niulize hivyohivyo."

Tunu akamuuliza.

Mzee akaizungusha chupa ya asali mezani, mzunguko mmoja kamili. Kisha akasema, "Kalunde anapika vibaya. Tangu utotoni. Nimemsifu maisha yangu yote, na kila nikimsifu nilikuwa najua kwamba anapika vibaya. Ndiyo utamu wenyewe. Wali wa juzi nilimsifu, na sikujua." Akavuta pumzi. "Nataka niendelee kujua. Thibitisha."

"Na Mlezi?"

"Mfunge. Ila kwanza nipe nafasi nikutukane mara moja, ya akiba."

Tunu alishika ukanda mkononi, akasimama mbele yake, akangoja kutukanwa. Mzee akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena, macho yakatafuta darini, yakatafuta mezani, yakamtafuta babu, yakamtafuta shangazi. Hakupata kitu. Wakatazamana, wote wawili wametishika.

"Itakuja," mzee akasema.

Tunu akamfunga Mlezi. Kinusi kikalia mlio mdogo. Akamdondoshea matone, pua ya kulia, pua ya kushoto, na pete nyekundu ikazimika kwenye kioo, kazi imekwisha, jina limehifadhiwa.

"Unajisikiaje?"

Koo la mzee likacheza kama linameza kitu kikubwa. "Ninajisikia vizuri. Asante kwa huduma nzuri, dada Tunu."

Sauti ilikuwa yake, hata mkwaruzo wake. Tunu hakuvumilia. "Babu yako," akasema, "alikuwa mfupi kiasi kwamba alibebwa na mzigo!"

Jicho moja la mzee likawaka. Mabega yakapanda, mdomo ukajaa, koo likapigana na ukanda, na kilichotoka kikatoka kimechanwa, kimepakwa mafuta: "Nashukuru kwa maoni yako."

Tunu aligeukia dirishani ili asionekane. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa, meza ikigongwa kidogo, kitu kikikwaruza sakafuni, kisha sauti ile ya adabu ikisema, "Siku njema," na mlango.

Aliporudi mezani alitia saini mahali pa saini. Kisha akatafuta kandambili zake kwa miguu, kama kila siku. Mguu wa kulia ukapata yake. Wa kushoto ukapapasa, ukapapasa, ukakuta sakafu.

Akainama. Ilikuwepo moja tu.

Mlezi hufungwa kooni. Hakuna aliyefikiria mikono.

Kicheko kilimpanda Tunu, kikafika katikati, kikasimama. Mtani huchukua kitu cha mtani wake. Lakini na mtu anayeanza kupotea huchukua kitu cha mwenzake, akidhani ni chake. Mtani angechukua ya kushoto tu, ili aliyebaki arukeruke. Mtu anayepotea naye angeweza kuchukua moja na kuisahau ya pili. Na kofia ya pama ilikuwa palepale kwenye kiti cha pembeni. Ameisahau, au ameiacha rehani?

Akaichukua ile kofia, akaivaa, ikamzama mpaka masikioni. Akaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni.

Mzee Malunde alikuwa anashuka ngazi za kituo, kandambili ya Tunu ameikumbatia kwapani, palipokuwa na chupa ya asali.

"Mpagazi wee!" Tunu akapiga kelele, watu wakageuka. "Rudisha mali ya Mzigua!"

Mzee hakugeuka. Lakini aliongeza mwendo, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Tunu, mguu mmoja juu, kofia ya watu kichwani, hakuweza kujua kama hayo ni mabega ya mtu anayecheka au ya mtu anayeanza kutetemeka.

Akamkimbiza hivyohivyo.